Nilichojifunza kati ya Kisumu na Busia: kiti, sahani na dakika ishirini za kutembea

Kwa miaka 19 nimeendesha matatu kati ya Kisumu na Busia. Ukitoka stendi ya Kisumu unapita Maseno penye alama ya ikweta, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, kisha mpakani. Ni kama kilomita 110 kwenda na kama hizo kurudi. Siku yenye abiria nilipiga trip mbili, na kwa hiyo nilikaa kitini saa tisa, pengine kumi. Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya mpaka nilipoambiwa nina kisukari, nikiwa na umri wa miaka 47.

Naandika kwa ajili ya madereva wenzangu na yeyote ambaye riziki yake iko kitini: fundi cherehani, mlinzi wa lango, karani, mama anayekaa dukani tangu alfajiri hadi usiku. Katika mwaka mmoja na nusu uliopita nimefanya makosa mengi, na moja nusura liwamalize abiria 14 pamoja nami.

Dalili zilikuwepo mapema. Usiku niliamka mara nne kukojoa. Mchana nililazimika kusimamisha gari Luanda, tena Ugunja, na abiria wakaanza kunung'unika. Kiu haikukatika, nami nikawa naitibu kwa soda baridi ya nusu lita. Sasa najua kwamba soda ya kola ya kipimo hicho hubeba takriban gramu 53 za sukari, yaani vijiko vya chai 13, na kuna siku nilikunywa tatu. Usiku taa za magari yaliyokuja mbele yangu zilitawanyika machoni. Vidole vya miguu vikafa ganzi, nikailaumu klachi.

Aliyenigundua ni mama jirani yetu pale Nyalenda, mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale wenye mikoba ya mashine ya presha na ya sukari waliyoanza kupewa mwaka 2023. Alikuja kumwona mtoto wa dada yangu aliyekuwa na homa, akanikuta nimelala kwenye kochi saa nne asubuhi. "Baba, hebu lete kidole," akasema. Mashine ya sukari ikaonyesha 17.8, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Akajaribu kidole kingine: 17.6. Presha ilikuwa 158 kwa 96. Akaandika barua ya rufaa papo hapo, akanishika mkono na kuniambia niende siku hiyohiyo, nisingoje Jumatatu.

Hospitalini walinipima uzito, kilo 104, na mimi si mrefu, mita 1.72. Kiuno sentimita 114. Kisha kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ambacho ukifika asilimia 6.5 au zaidi unahesabiwa kuwa na kisukari. Changu kilikuwa 10.1. Nililipa shilingi 1,800 kwa kipimo hicho. Ukiwa na uwezo wa kukilipia, usikiruke, maana sukari ya kidole inaeleza hali ya dakika ile tu.

Nilitoka nikaketi ndani ya gari bila kuwasha injini. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, na hakumaliza mwaka. Niliwaza watoto. Niliwaza leseni. Jioni nilipofika nyumbani sikumwambia mke wangu mpaka alipoziona dawa mwenyewe, na hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa.

Wiki ya tatu abiria mmoja alinisimulia juu ya mtu anayeuza unga wa mizizi "unaosafisha sukari kabisa". Nikanunua wa mwezi mmoja kwa shilingi 4,500, nikaacha metformini, kidonge cha kisukari nilichopewa hospitalini, kwa sababu muuzaji alisema vitu hivyo viwili havipatani. Kwa wiki tano nilijisikia mwepesi, kwa kuwa nilitaka kujisikia hivyo. Niliporudi kliniki mashine ilisoma 21.3. Daktari hakunifokea. Alisema tu kwamba kila wiki sukari inapokaa juu namna ile, macho, figo na mishipa ya miguu inalipa. Aliniongezea kidonge cha pili, glibenklamidi, akanieleza kwamba hiki kinaweza kuishusha sukari kupita kiasi nisipokula. Nilisikia maneno yale, ila hayakuniingia.

Akanituma pia kufanya mazoezi. Hapo nikakosea tena. Niliamua Jumapili, siku yangu ya mapumziko, niufidie mwili wiki nzima. Nikavaa viatu vya mpira vya mwanangu, nikakimbia kutoka nyumbani hadi Dunga, ufukweni mwa ziwa, na kurudi, saa nne asubuhi, jua la Kisumu likiwa limeshawaka. Jioni goti la kushoto lilivimba. Jumatatu kukanyaga klachi ilikuwa adhabu, na kisigino kilikuwa na lengelenge ambalo sikulisikia kwa sababu ya ganzi. Liligeuka kidonda kilichochukua wiki sita kupona. Kila asubuhi nilipokifungua nilikuwa nauona mguu wa baba.

Ni muuguzi aliyekuwa akikisafisha kidonda kile aliyenifafanulia jambo ambalo ningepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Msuli unapofanya kazi hufungua milango yake na kuichukua sukari kutoka kwenye damu, hata insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari, ikiwa haifanyi kazi vizuri. Ukishamaliza, mwili unabaki msikivu kwa insulini kwa siku moja, pengine mbili, kisha unarudi ulikokuwa. Kwa hiyo mtu anayekimbia Jumapili pekee anafaidika hadi Jumanne, halafu siku zilizobaki anakaa vilevile. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, na siku mbili au zaidi za kuitumikisha misuli kwa nguvu. Wenye kisukari wanashauriwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote. Dakika 150 ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano. "Na nusu saa hiyo, baba, unaweza kuivunja vipande," akasema.

Vipande hivyo ndivyo vilivyoniokoa, lakini kabla havijaniokoa vilinitisha.

Kidonda kilipopona nilianza kutembea Busia. Ukifika kule unaingia kwenye foleni, na magari yakiwa mengi unasubiri dakika 40 hadi saa nzima kabla ya zamu yako. Zamani muda huo nililaza kiti nikasinzia. Alhamisi moja nilimeza vidonge vyangu alfajiri, nikanywa chai tupu kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kupunguza kilo, na nilipofika Busia nikatembea dakika 50 kwa kasi, bila kula. Nikapakia, nikaondoka. Tulipopita Ugunja mikono ilianza kutetemeka. Jasho likanitoka shingoni ilhali dirisha liko wazi. Karibu na Yala niliona lori mbele yangu kama linaelea. Makanga wangu, kijana niliyefanya naye kazi miaka minne, alinitazama kwenye kioo akapiga kelele, "Dere, weka kando! Weka kando sasa!" Sijui niliwekaje kando. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele alifungua soda ya mtoto wake, akanishikia chupa mdomoni. Tulipopima, baada ya soda, mashine ilisoma 3.4. Chini ya 4 ni hatari. Ilikuwa chini zaidi ya hapo kabla sijainywa.

Abiria walihamishiwa gari jingine. Niliketi kando ya barabara na kulia mbele ya watu, na sijutii machozi yale.

Nilikaa nyumbani siku tisa bila kazi, na bila mapato ya kama shilingi 1,500 kwa siku. Siku ya kumi nilimfuata mwenye gari nikamweleza yote, nikitarajia anyooshe mkono kudai ufunguo. Alisikiliza, akauliza daktari anasemaje, akaniruhusu kurudi kwa trip moja kwa siku mpaka daktari atakaporidhika. Nimewasikia madereva wanaoficha ugonjwa wao kwa kuogopa kufutwa. Nawaelewa kabisa. Lakini mtu wa kwanza kujua anapaswa kuwa yule unayefanya naye kazi garini, kwa sababu ndiye atakayekuona ukibadilika kabla hujajiona mwenyewe.

Tangu siku ile nina kanuni nilizopewa kliniki ambazo sizivunji. Napima kabla ya kushika usukani, na ikiwa chini ya 5 siondoki: nakula, nangoja, napima tena. Kwenye mlango wa dereva kuna chupa ndogo ya glukosi. Mikono ikitetemeka naegesha, natumia gramu 15, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, nasubiri dakika 15, napima upya, kisha nakula chakula kamili. Tena, mtu anayetumia vidonge vya aina ya glibenklamidi au insulini asianze mazoezi kabla ya kuongea na daktari wake juu ya dozi. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kukushusha hivyo. Mimi nilikuwa nimechanganya.

Mtaalamu wa lishe niliyetumwa kwake alikuwa dada mdogo kwa umri, na nilikwenda nikiamini atanikataza ugali. Aliniuliza nyumbani tunakula nini. Nikataja osuga, ambayo wengine huita managu, dek yaani saga, apoth ambao Waluhya wanauita mrenda, kunde, omena yaani dagaa, na samaki ngege siku za heri. Akacheka kwa furaha. Akasema chakula cha kwetu ni kizuri, tatizo ni vipimo vya sahani yangu na vile vitu ninavyomeza barabarani. Akachora duara kwenye karatasi: nusu mboga, robo samaki au maharagwe au ndengu, robo iliyobaki ugali. Ugali wangu wa zamani ulikuwa mlima, na mboga ilikuwa ya kuuteremshia tu.

Nikatafuta njia ya mkato hapo pia. Nilisikia ugali wa mtama ni dawa, nikala tonge kwa tonge mpaka nikashiba sana. Saa mbili baadaye nilipima: 13.4. Wiki iliyofuata nikala mtama uleule kiasi cha ngumi yangu, pamoja na mboga tele na samaki: 8.9. Siku nyingine chakula kilekile, halafu nikatembea dakika 20 mara baada ya kula: 7.6. Nambari hizo tatu nimezibandika ndani ya kabati la vyombo. Mtama na wimbi vina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, ni kweli, lakini bado ni wanga, na wanga ukizidi umezidi. Namshauri kila mwenye mashine afanye jaribio hili kwa chakula cha kwake, kwa sababu miili yetu haifanani. Mke wangu aliniamini zaidi baada ya nambari hizo kuliko baada ya maelezo yote ya kliniki.

Juisi ilinidanganya kwa mwezi mzima. Niliacha soda nikahamia juisi ya embe ya kibandani, nikijua ni tunda. Tunda lililosagwa na kuchujwa limeacha nyuzinyuzi nyuma, na pale kibandani huongezwa sukari. Siku hizi nakula chungwa zima au kipande cha papai, na kiu naikata kwa maji. Chai ilikuwa ngumu kuliko vyote. Nilikunywa vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja. Niliteremka kijiko kimoja kila wiki mbili, nikaongeza tangawizi na mdalasini, na kufikia mwezi wa tatu chai yenye sukari ilinichefua.

Kuhusu presha, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Tuliondoa ule unga wa mchuzi wa pakiti. Kuna jambo ambalo wengi wetu huku hatulifikirii: magadi tunayowekea mboga za kienyeji ili zilainike yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha kwenye chumvi. Mke wangu sasa huchemsha osuga bila magadi, anaimwagia maziwa na kuiacha motoni taratibu mpaka uchungu upungue. Omena tunaiosha kwa maji ya moto, tunaikausha kwenye sufuria, halafu nyanya na kitunguu na mafuta kijiko kimoja. Ni samaki anayeliwa na mifupa yake, kwa hiyo unapata protini na kalsiamu kwa bei ya maskini. Familia nzima inakula hivyohivyo. Kupika vyungu viwili, cha mgonjwa na cha wazima, kungetufilisi na kungenitenga mezani.

Chakula cha barabarani nilikibeba. Zamani kila siku nilitoa shilingi 250 hotelini Busia, soda juu yake, mandazi asubuhi. Siku hizi kibakuli changu kinatoka nyumbani: nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, au kiazi kitamu kimoja na mboga na yai. Akiba hiyo ndiyo inayolipia vijiti vya mashine, maana boksi la vijiti 50 nanunua shilingi 1,500, na ndiyo gharama inayoniuma kila mwezi.

Sasa utaratibu wangu uko hivi. Nikifika Busia nakula kwanza, kisha natembea dakika 20 wakati gari liko kwenye foleni. Nikirudi Kisumu, kabla ya kwenda nyumbani, dakika 15 nyingine. Kasi ni ile ambayo unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Jumamosi na Jumatano naegemea ubavu wa gari nasukuma mara kumi kwa awamu tatu, nainuka na kukaa kwenye ngazi ya mlango mara kumi na tano, nabeba mtungi wa maji wa lita 20 badala ya kumwita kijana wa mkokoteni. Goti lilikubali kwa sababu nilianza na mara tano tu. Siku ya mapumziko natembea asubuhi kuelekea Dunga, lakini nangoja kupambazuke kwanza, kwa kuwa viboko hutoka ziwani usiku kula majani na sitaki kukutana nao gizani. Viatu nilinunua soko la Kibuye kwa shilingi 800, vipana mbele, navaa na soksi. Kila usiku naangalia nyayo zangu kwa kioo cha mkono.

Binti yangu anasomea uuguzi. Aliniletea habari iliyonikaa kichwani. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva alikaa siku nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi ya makondakta. Mwaka 1956 wakaangalia vipimo vya sare na kukuta viuno vya madereva vilikuwa vinene zaidi hata walipokuwa ndiyo kwanza wanaajiriwa, kwa hiyo si kiti pekee kilichokuwa na hatia. Lakini nilimtazama makanga wangu, anayening'inia mlangoni, anaruka, anapandisha mizigo kwenye keria, nikaona maisha mawili ndani ya gari moja.

Binti huyo ndiye aliyenihimiza nimpigie mdogo wangu aliyeko Ugunja. Alipopimwa kile kipimo cha wastani wa sukari alikuwa asilimia 6.1, bado hajafika kwenye kisukari lakini yuko njiani. Kwa watu kama yeye kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, wenye washiriki 3,234. Waliobadilisha chakula, wakafanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Nilimsomea nambari hizo kwenye simu mara mbili. Sasa kila jioni ananitumia picha ya sahani yake, nami namjibu ukweli, hata akikasirika.

Mimi, baada ya miezi 14, nina kilo 91. Kipimo cha damu kimeshuka kutoka 10.1 hadi 6.6. Presha ya mwisho ilikuwa 132 kwa 82. Glibenklamidi daktari aliiondoa nilipofika mwezi wa tisa wa matibabu, metformini bado nameza na huenda nikaimeza maisha yangu yote. Ganzi ya vidole haijaisha. Daktari amenieleza kwamba mishipa iliyoumia huenda isirudi ilivyokuwa, na hapo nazikumbuka zile wiki tano za unga wa mizizi. Usiku nalala, naamka mara moja tu.

Juzi kwenye foleni ya Busia tulikuwa wanne tunaotembea. Mmoja wao ana miaka 58 na tumbo kama langu la zamani, na alikuwa amevaa kandambili. Nilimwambia asitembee hivyo, nikamngoja hadi Jumapili, tukaenda pamoja Kibuye. Tulizunguka vibanda saba kabla ya kupata jozi inayoupa mguu wake nafasi. Muuzaji alitaka 1,200, tukatoka na 900, na kesho yake asubuhi aliniita kutoka upande wa pili wa stendi akinionyesha mkono wenye boksi la vijiti vya kupimia.